Mtaimbo wa Mkandaji

Mkandaji wetu hakuwa mtu mpole, na anayesema alikuwa mpole hajapata kukandwa naye. Vidole vyake vilikuwa kama kuni. Akikushika tumbo siku ya tatu baada ya kuzaa, ulijua kwamba uchungu wa kuzaa ulikuwa salamu tu. Ukilia alikuambia, "Lia, lakini usitikisike." Mkono wake haukupumzika kwa sababu ya machozi ya mtu.

Alikaa Nguvumali, nyumba ya udongo, na nyuma yake ua uliozungushiwa makuti marefu kupita kichwa cha mwanamume. Wanawake wengi wa Tanga waliozaa miaka ile ya hamsini, wa mjini na wa mashamba, wamepita mikononi mwake. Wote walimwita Mkandaji. Siku moja nilimwuliza jina lake hasa ni nani, akaniambia jina lake liko kwa ndugu zake, na mimi si ndugu yake.

Kazi yake watu wanaijua: kumkanda mzazi kwa maji moto na mafuta ya nazi, kumfunga mkaja, kile kitambaa kirefu cha kubana tumbo, na kumlinda siku arobaini asiinue kitu. Hapo alikuwa mkali kupita askari. Nilimwona kwa macho yangu akimnyang'anya mzazi birika la chai. "Weka chini! Nani amekuruhusu?" Mwingine alifagia ua siku ya ishirini, akasutwa mpaka jirani wa nyumba ya tatu akatoka nje kutazama.

Jambo ambalo watu hawakulijua, ama walilijua wakalinyamazia, ni la siku ya arobaini na moja. Siku hiyo Mkandaji alikuwa akimtazama mzazi wake kuanzia vifundo vya miguu mpaka shingoni, kama mtu anayechagua mbuzi, halafu baadhi yao, si wote, akawaambia: "Wewe njoo kwangu. Njoo saa nne, wanaume wakiwa kazini. Na mkaja wako uje nao."

Aliniambia na mimi. Akanieleza na sababu: kuna vyuma vya kunyanyua. Nikamjibu kwa kiburi cha darasa la kumi kwamba mimi si hamali. Hakukasirika. Alifunga chupa yake ya mafuta, akasema, "Haya. Hamali hulala usingizi mzuri," akaenda zake.

Siku ya arobaini na sita nikaanguka bombani.

Nitaeleza ilivyokuwa, maana wengine wameeleza vibaya. Nilijaza debe la maji. Mwanangu nilikuwa nimembeba mgongoni. Hapakuwa na mtu wa kunitwika, na kila mwanamke anajua kwamba debe huinuliwa na wawili, mmoja akitwikwa na mwenzake. Nikainama kuliinua peke yangu. Magoti yakaniacha. Debe likaenda huku, mimi kule, na mtoto akapata mchubuko juu ya jicho. Mchubuko wenyewe hauzidi ukucha. Lakini mavyaa, mama wa mume wangu, alikuwa bado kwetu, amekuja kutoka Mwera, upande wa Pangani, kwa ajili ya arobaini. Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akalitazama lile jeraha, akasema mbele ya mume wangu bila hata kupandisha sauti:

"Mimi naenda kwangu kuvuna. Nikirudi baada ya mfungo, mtoto huyu nitamchukua akalelewe Mwera. Mama asiyeweza kujitwika debe atamlea nani?"

Nikamtazama mume wangu. Karani wa reli, mtu mwenye maneno mengi akiwa na wenzake barazani. Akasema, "Mama ameona mbali." Basi. Nimempikia miaka yote hii, na maneno yale matatu sijamsamehe mpaka leo.

Watu huniambia ni desturi, mtoto wa kwanza hulelewa na bibi yake. Desturi naijua. Katika desturi mama mtu huombwa. Mimi sikuombwa, nilihukumiwa, na kwa debe moja.

Kesho yake saa nne nilikuwa mlangoni kwa Mkandaji, mkaja kwapani, buibui nimelikaza mpaka puani asinitambue mtu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hamali, umefika?"

Nilidhani atanicheka zaidi. Hakunicheka. Alinipitisha ndani, akainua pazia la gunia, tukatokea uani. Pale chini palikuwa na mtaimbo, huu huu wa kuchimbia mashimo, na karibu yake mawe ya mizani, yaani vile vyuma vyenye pete juu, vya kupimia mbata, nazi kavu za kukamuliwa mafuta. Marehemu mumewe alikuwa mchukuzi katika ghala la mbata. Mizani ilipovunjika ikatupwa, yeye akayabeba mawe nyumbani moja moja, na alipokufa mkewe akayapatia kazi. Aliyafunga kwenye ncha za mtaimbo kwa kamba ya makumbi, akiyakaza yasicheze. Dogo lilikuwa ratili saba, kama kilo tatu. Kubwa lilikuwa frasila nzima, uzito wa mtoto wa miaka minne aliyeshiba.

Sitaki kusema nilikuwa shujaa. Nililitazama lile pazia nikapima hatua za kurudi. Nilikuwa nimeambiwa tangu utotoni kwamba mwanamke akiinua chuma kizazi kitashuka, mikono itaota misuli, mume atakimbia. Hilo la mume siku ile halikunitisha sana, lakini hayo mengine yalinitisha.

"Funga mkaja," akasema.

Nikafunga kama alivyonifunga yeye mwenyewe siku zile arobaini: kutoka nyongani mpaka chini ya matiti, kwa kukaza, kama anayefunga godoro. Nikainama kushika mtaimbo mtupu, bila jiwe hata moja. Nikainuka nao mpaka magotini, na pumzi ikakataa kuingia. Ua ukawa wa manjano. Nikakaa chini puu, mtaimbo mapajani.

Mkandaji alicheka mpaka akashika nguzo. "Ati msomi! Huo umefunga wa kulala, mwanangu! Huo ni wa mzazi aliyelala kitandani analetewa uji. Mtu anayefanya kazi anafunga hapa," akanipiga kiunoni kwa kiganja, "kiunoni tu, na tumbo liachiwe nafasi lisukume. Pumzi utaiweka wapi, kichwani?"

Alinifungua akanifunga upya. Kitambaa kile kile kilichoninyamazisha siku arobaini sasa kilikuwa kinanishika kama mikono ya mtu. Nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo, siifichi:

"Nikianguka je?"

"Utaangukia chini. Chini hapako mbali."

Nikauinua.

Njia yake ya kufundisha sijaiona kwa mwalimu yeyote, na walimu nimewaona wengi. Siku ya kwanza alisimama nyuma yangu, kiganja chake mgongoni, na kila nilipoupinda mgongo alinichapa kwa mwiko. Alisema mzigo una vituo vitatu: paja, kifua, kichwa, na anayeruka kituo atarudishwa. "Hakuna jambo jipya hapa," alisema. "Ni kujitwika tu. Wenzako wanasimama bombani kusubiri watwikwe. Wewe hutasubiri." Baada ya wiki ya kwanza hakunitazama tena. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, mgongo wake kwangu, akikuna nazi, akinisikiliza. Ndiyo, akinisikiliza. Nikipumua sawa aliendelea kukuna. Nikianza kuhema vibaya alisema bila kugeuka, "Pumzi yako imevunjika. Shusha." Nikibisha kwamba bado naweza, alisema, "Mimi sikukuuliza kama unaweza. Nimesema shusha." Na hakuongeza jiwe hata siku moja kwa kuombwa. Siku uliyojiona simba ndiyo siku aliyokuachia mtaimbo mtupu. Siku uliyokuja umekasirika, huna usingizi, mtoto kakukeshesha, ndiyo siku uliyokuta jiwe jipya limefungwa.

"Leo sijalala, bibi."

"Kwani jiwe limekuuliza?"

Alituambia sisi wanawake wa saa nne tusijisifu, naye alijisifu kuliko jogoo. Kisa chake cha hamali wa sokoni nimekisikia mara kumi na mbili, na kila mara yule hamali alizidi urefu. Mkandaji alikuwa ametoka kwa mhunzi kutengeneza pete za mawe mawili, ameyabeba kwenye kikapu, juu yake ametandika mchicha. Akakiweka chini apumzike. Hamali mmoja akamwona mzee akamwambia kwa mzaha, "Bibi, nikutwike kimchicha chako?" "Nitwike, baba, Mungu akubariki." Yule bwana akashika kwa mkono mmoja, kikapu hakikutoka. Akashika kwa miwili, kikatoka kidogo, kikarudi, naye karibu akifuate. Wenzake wakapiga kelele. Mkandaji akajifunga leso kiunoni, paja, kifua, kichwa, akamwambia, "Pole baba, nenda kanywe uji," akaondoka na mchicha wake.

Huyo huyo mwanamke alikuwa anaogopa mijusi. Si kuogopa kwa kawaida. Siku moja mjusi alidondoka kutoka kwenye makuti, na Mkandaji alikuwa ameshika frasila mbili juu ya kichwa akituonyesha. Alizibwaga, akatoka mbio mpaka barabarani, kichwa wazi, akimwita Mtume. Tulimkuta kwa muuza mkaa. "Ametoka?" akauliza. Tukamwambia ametoka. "Mmemwona akitoka, au mnasema tu?"

Alikuwa na jambo lingine moja, ambalo nililipenda kwanza, kisha likanikasirisha, kisha nikalipenda tena. Alikuwa mmbeya. Habari ya nani kaachwa na nani kaolewa ilianzia kwake ikaisha kwake. Lakini habari ya mwili wa mtu haikupita mdomoni mwake. Tumbo la nani limekaaje, nani analia usiku kwa mgongo, nani anakuja uani saa nne, hilo hukulipata hata ungempa shamba. Jirani yangu alimwuliza uso kwa uso, "Yule mke wa karani anakuja kwako kufanya nini kila siku?" Akajibu, "Anakuja kunisalimu. Wewe mbona hunisalimu?"

Miezi ikaenda. Nilikuwa na mtaimbo mtupu, nikawa na ratili saba kila upande, nikawa na nusu frasila. Mwezi wa mfungo alinipunguzia, nikalalamika, akanichapa mwiko. Mikono yangu haikugeuka ya hamali. Kizazi changu kiko pale kilipo. Nilichoota ni usingizi, na hamu ya kula, na hasira iliyonyooka. Zamani hasira yangu ilinitetemesha. Sasa ilikaa kifuani imetulia, ikisubiri kituo cha tatu.

Wiki moja baada ya Idi niliinua frasila nzima kila upande, nikazisimamisha juu ya kichwa, mikono imenyooka. Nilisikia nazi ikiendelea kukunwa. Nikashusha. Mkandaji akasema, "Kesho usije. Nenda kwako, mgeni wako anakuja."

"Umejuaje?"

"Basi la Pangani lina wambeya kuliko mimi."

Kweli, mavyaa alishuka kesho yake, saa tano asubuhi. Nilikwenda kumpokea kituoni, mtoto mgongoni, maana mimi nina adabu zangu hata nikiwa na hasira. Utingo akashusha mzigo wake: pakacha la nazi ishirini na tano, na makumbi yake, zawadi ya mwanawe. Walilishusha watu wawili. Mavyaa akaitikia shikamoo yangu, akatazama jicho la mtoto, mahali ambapo mchubuko ulikuwa umefutika zamani, akatazama pakacha.

"Kamwite mumeo," akasema. "Au tafuta mchukuzi. Halafu tutazungumza habari ya mtoto."

Nikafungua mbeleko. Nikamkabidhi mtoto.

"Nishikie, mama."

Nikalivua buibui nikalikunja, nikamwekea mavyaa begani. Nikavua leso ya juu, nikaikunja kwa urefu, nikaifunga kiunoni juu ya gauni, pale kituoni, mbele ya basi zima. Kwa jinsi nilivyoikaza, wanawake waliokuwapo walijua si kibwebwe, ni mkaja. Mkaja hauvaliwi nje. Mkaja ni wa chumbani, wa mzazi, hata mume hauoni ukifungwa. Mmoja akasema, "Ya Rabi, mke wa karani ameingiwa na pepo!" Mwingine akasema, "Mshikeni!" Hakuna aliyenishika.

Nikachuchumaa. Mgongo ukanyooka wenyewe, kwa kumbukumbu ya mwiko. Paja. Pakacha lilikuwa baya kushika, makuti yalinichoma viganja, halikuwa na adabu ya chuma. Kifua. Nikavuta pumzi nikaisukuma chini kwenye mkaja. Kichwa.

Nikasimama wima, nazi ishirini na tano juu yangu, shingo imekaa.

"Twende, mama," nikasema. "Jua linapanda, mtoto ataungua."

Akanifuata. Mitaa mitatu, mimi mbele na pakacha, yeye nyuma na mtoto na buibui langu. Wanawake walitoka milangoni. Mmoja akapiga kigelegele, sijui kwa nini, hakujua habari yetu, nadhani alipenda tu alichokiona. Wa pili akaitikia. Mpaka tunafika nyumbani vigelegele vilikuwa vimetufuata kama arusi.

Mume wangu alikuwa mlangoni, ametoka kazini kwa ruhusa ili ampokee mama yake. Akanitazama, akanitazama kiuno.

"Si ungeniita," akasema.

"Nikuite ufanye nini?"

Nikalishusha pakacha kwa vituo vile vile vitatu, halikupasuka, haikudondoka nazi hata moja. Nikamgeukia mavyaa, nikanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe mwanangu."

Akanipa. Alikaa siku nane, akala nazi zake, akarudi Mwera peke yake. Neno la mtoto kulelewa Mwera halikutajwa tena na mtu yeyote chini ya paa lile.

Nilikwenda kumweleza Mkandaji nikidhani atanivika taji. Alikuwa anamkanda mzazi mwingine. "Ulipumua kwenye kituo cha kifua?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Vizuri. Sogeza hilo sufuria."

Niliendelea kwenda kwake zaidi ya miaka miwili. Vidole vyake vikaanza kupinda, kazi ya kukanda watu miaka mingi, na binti yake wa Mkwaja akawa anamwita akakae naye. Alikataa, akakubali, akakataa. Mwishoni alikubali, na mtaimbo na mawe akasema yabaki kwangu kwa sababu utingo wa basi atataka kujua ni ya nini. Yako uvunguni kwangu sasa hivi ninapoandika.

Wiki ile ya kuondoka aliniletea salamu kwa muuza mkaa: njoo saa nne, vidole vimegoma, kuna mtu wa kufungwa mkaja.

Nikaenda. Nikainua pazia la gunia. Uani alisimama mavyaa.

Alikuwa amevaa leso kuukuu, mabega wazi, mkaja ameushika kwa mikono miwili kama mtoto aliyebebeshwa sahani ya watu. Mtaimbo ulikuwa chini, mtupu.

"Mwezi wa tatu huu namkanda mgongo, anakuja na basi siku ambazo wewe huji," akasema Mkandaji kutoka kwenye kibao chake, mgongo wake kwetu, akikuna nazi. "Leo ndiyo siku yake ya kwanza ya chuma."

Miezi mitatu! Na mimi nilikuwa pale kila juma, nakunywa chai yake, na asinidokeze.

"Nimeanguka na kuni," mavyaa akasema, hakunitazama. "Mara mbili. Mumeo hajui. Usimwambie, mwanangu. Wakijua watanihamisha kutoka kwangu, watasema siwezi kukaa peke yangu."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyatunza miaka miwili na zaidi, nimeyasafisha, yote yalikuwa tayari kwenye ulimi. Bibi asiyeweza kujitwika kuni, kwa mfano. Hilo lilikuwa la kwanza. Nikavuta pumzi niliseme.

"Pumzi yako imevunjika," akasema Mkandaji. "Shusha."

Mavyaa alidhani anaambiwa yeye, akababaika, hakuwa ameshika kitu cha kushusha ila mkaja. Mimi nilijua ni mimi.

Nikauchukua mkaja mikononi mwake. Nikamfunga kiunoni, si mpaka matitini, tumbo nikaliachia nafasi lisukume. Nilikaza zaidi kidogo kuliko ilivyopasa, siwezi kusema uongo. Nikamchuchumaza. Nikaweka kiganja changu mgongoni mwake, kwenye mifupa midogo ambayo sikuwahi kudhani anayo.

"Nikianguka je?" akaniuliza.

"Utaangukia chini, mama. Chini hapako mbali. Paja kwanza."

Paja. Kifua. Akakwama hapo, akafumba macho, nikasikia pumzi yake inatafuta njia, ikaipata. Mtaimbo ukapanda. Mikono yake ikanyooka juu ya kichwa, myembamba, inatikisika, imenyooka. Sauti ya kukuna nazi ikakatika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mkandaji aligeuka kwenye kibao chake akatazama.

Mavyaa akafumbua macho, akaona chuma kiko juu, akashtuka kama kimepandishwa na mtu mwingine.

"Sasa nifanyeje?"

"Kaa hapo hapo kwanza, mama," nikamwambia. "Nikutazame."